Viapo Sita kwa Kengele ya Keolmund

Katika Ufalme wa Estmere mtu hujulikana kwa mahali anapoketi. Ungeingia ukumbini kwa bwana wangu Keolmund miaka ile, ungenikuta benchi la mwisho karibu na mlango, pale upepo unapokupiga mgongoni na mbwa wanapokuibia nyama. Wengine walipaona ni mahali pa aibu. Kwangu mimi kilikuwa kiti cha enzi. Mimi Ordlaf mwana wa Dudda, mtoto wa mtu wa jembe, nisiye na mwalimu wala ukoo wa malenga, niliyejifunza kupanga mizani msituni huku nikichunga nguruwe, nilikuwa nimeketi ndani!

Aliyeniketisha ni Keolmund mwenyewe. Alikuwa theni, yaani mtu aliyepewa silaha na ardhi na mfalme, mwenye lango lake na kengele yake juu ya lango. Siku moja alipita na farasi wake akanisikia nikiimba. Akavuta hatamu.

"We kijana, wimbo huo umeutoa wapi?"

"Nimeutunga mimi, bwana."

"Uongo."

"Basi nipe jambo lolote, nilitunge hapa hapa."

Akatazama huku na huku, kisha akaonyesha matako ya farasi wake. "Haya. Tunga hayo."

Nikayatunga, beti tatu, vina havikuyumba. Alicheka hadi akashuka chini asije akaanguka. Jioni ile nilikula mkate wa shayiri na nyama ya nguruwe chini ya paa lake. Baada ya miaka miwili alivua kikuku cha fedha mkononi mwake, akakitia mkononi mwangu, mbele ya watu walioitwa bwana tangu walipozaliwa. Sijasahau. Lolote zuri mtakalolisikia juu yangu, lilianza kwenye mkono ule. Na ovu nitakalolisimulia sasa ni langu peke yangu.

Majira ya machipuko watu wa meli walipanda mto Lenn kutuvamia. Mfalme Selred alikuwa kaskazini, kwa hiyo bendera yake aliibeba liwali wa jimbo letu. Kwetu sheria ni moja: bendera ya mfalme ni mfalme. Tulipambana nao kando ya mto, mbali na daraja la mbao, kwenye ukungu mzito. Liwali aliuawa asubuhi ile. Keolmund naye aliuawa. Nilikuwa safu ya tatu, nikaona kwa macho yangu jinsi alivyokufa.

Alikufa matopeni. Alisimama mbele ya bendera, amezama hadi kwenye mashavu ya miguu. Kulia kwake alikuwepo baba yangu Dudda na mundu wake wa kukatia ua, kushoto Hunna mfuga nyuki, na nyuma yao wengine wa jembe kutoka vijiji vyetu. Akateleza. Mkuki ukampata chini ya kwapa, akaanguka chali kwenye mti wa bendera. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Shikeni hapo hapo, jamani," kama anayewaambia watu washike ng'ombe. Nao wakashika. Watu wa meli walipokimbia, wale wa jembe hawakukubali bwana wao alale kwenye tope. Wakafungua nira ya ng'ombe wa mkokoteni, wakatandika joho juu yake, wakambeba hadi kwenye mbao kavu za daraja. Wakamlaza pale, kichwa juu ya nira.

Sasa nikuulize wewe: kifo kama hicho unakiimbaje? Matope, mundu, mfuga nyuki! Nilijiona nimepewa dhahabu na kuambiwa niifunge kwenye gunia. Nikaamua bwana wangu atakufa vizuri zaidi. Siku thelathini baada ya maziko, watu walipokusanyika kumkumbuka, nilishika kinubi, nikaimba beti sabini. Ubeti uliowaliza wote ni huu:

*Peke yake darajani,*
*hana mtu ubavuni,*
*upanga u mkononi,*
*adui wakamwogopa.*

Wazee walilia. Vijana walipiga meza hadi pembe za pombe zikaanguka. Baba alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wa kuni. Alisikiliza hadi mwisho, akaziweka kuni chini polepole, akaenda zake. Nilimwona, lakini nilikuwa nimelewa sifa, na mlevi wa sifa haoni hata mgongo wa baba yake.

Utenzi ule ulikwenda mbio kuliko farasi. Kabla ya mavuno ulikuwa umefika kwa mfalme.

Wiki ya kwanza baada ya mavuno Bibi Tidburh, mjane wa Keolmund, aliniita ghalani. Nilimkuta anapaka mafuta upanga wa mumewe, funguo zikilia kiunoni.

"Ordlaf mwanangu," alisema, "utenzi wako ni mzuri mno."

"Asante, mama."

"Umetuua."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea kusugua ule upanga bila kuniangalia.

"Theni akifa, silaha alizopewa na mfalme hurudi kwa mfalme. Farasi wanne, panga mbili, mikuki, ngao, kofia ya chuma, vazi la chuma. Hilo unalijua. Sisi tunao upanga huu, na farasi mmoja kilema. Vingine vyote viko chini ya mto Lenn."

"Lakini mama, aliyekufa mbele ya bendera husamehewa! Amekwisha kurudisha kwa mwili wake."

"Mbele ya bendera, ndiyo." Sasa akaniangalia. "Theni Osgar amemwambia mfalme kwamba aliukuta mwili darajani. Hakusema uongo, maskini, alifika mwisho, na ndivyo alivyokuta. Daraja liko mbali na bendera, mshale hauwezi kufika. Nikatumaini watu wa mfalme watamuuliza na mtu mwingine. Wakauliza. Wakajibiwa: kwani nyinyi hamjausikia utenzi wa Ordlaf?"

Silaha zisiporudi, kengele huteremshwa na lango hung'olewa. Ardhi hurudi kwa mfalme naye humpa theni mwingine, na watu wote wa nyumba ile huwa wa bwana wasiyemjua. Bibi Tidburh angeshika jembe katika shamba lililokuwa lake.

"Hebu niambie," akasema, bila hasira, na laiti angenipiga! "Ulikuwa na haja gani ya daraja?"

"Nilitaka awe mkubwa, mama."

"Alikuwa mkubwa."

Nikasema nitakwenda kwa mfalme, nitasimama mbele ya watu wote, niseme kwamba nilidanganya. Akatikisa kichwa.

"Ukikiri uongo, kiapo chako hakihesabiwi. Na Osgar ni theni. Kiapo cha theni mmoja ni sawa na viapo vya watu sita wa jembe. Unao watu sita waliokuwepo pale na kuona?"

Ninao, nilitaka kusema. Nilijua majina yao yote. Ndio wale niliowafuta.

Baba nilimkuta mwisho wa shamba, amekaa juu ya plau na Hunna, wanakula jibini na vitunguu. Ng'ombe wake wawili, Stuf na Brandi, walikuwa wamesimama wakitafuna hewa.

"Shikamoo, baba."

"Ma-marahaba."

Baba yangu ana kigugumizi tangu utotoni. Kwa hiyo amezoea kusema machache, na hayo machache hayatupi ovyo. Nikamweleza habari yote, kengele, Osgar, viapo sita. Nikamaliza kwa kusema, "Kwa hiyo, baba, nakuomba uende ukaape kwamba ulikuwepo, ubavuni kwa bwana."

Akatafuna kitunguu hadi kikaisha. Akameza.

"Ku-kumbe nilikuwepo?"

Hunna aliangua kicheko, jibini likamtoka mdomoni. "Mwambie tena, Dudda! Mimi nilidhani siku ile nilikuwa nimelala nyumbani. Nimesikiliza beti zote sabini, nikasema loo, basi mguu wangu huu umejeruhiwa na nani? Na nyuki?"

Uso uliniwaka. Mimi si mtu wa kuchekwa nikanyamaza, na jibu nilikuwa nalo tayari ulimini, kali, lenye vina. Nikalimeza. Lilikuwa chungu kuliko kitunguu cha baba. Nikapiga goti kwenye udongo uliolimwa, mimi na kikuku changu cha fedha.

"Nimewakosea," nikasema. "Niliona mundu hauwezi kuingia kwenye utenzi. Niliona aibu."

"Aibu ya nani?" Hunna akauliza.

"Yenu. Na ya nilikotoka."

Brandi alikojoa kwa muda mrefu sana.

"Kiburi chako, Ordlaf," Hunna akasema mwishowe, "tungekifunga nira kingevuta plau peke yake. Haya inuka, unalalia mbegu."

Baba alikuwa anatazama upande wa lango la Keolmund, kengele ikionekana juu ya miti. "Mwa-mwaka wa njaa," akasema, "alinipa Stuf. Bu-bure. Alisema mtu ha-halimi kwa meno." Akajifuta mikono. "Tutakwenda. La-lakini mimi sitaapa."

"Kwa nini, baba?"

Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mjinga ampendaye. Hapo nikakumbuka. Kwetu kiapo husemwa kwa mkupuo mmoja, mkono juu ya pete ya madhabahu. Ukijikwaa kwenye neno, ukirudia hata silabi moja, kiapo kimeanguka, na viapo vyote vilivyofungwa nacho huanguka pamoja nacho. Ndiyo maana katika maisha yake yote baba hakuwahi kumwapia mtu. Hata siku alipoibiwa kondoo alinyamaza.

Waliokuwa wamebaki hai kati ya wale wa benderani ni hawa: Hunna, Tata mchonga magurudumu, ndugu wawili Kuffa na Wulla, na Beaga mpika bia, aliyekwenda na mkokoteni wa mapipa akaishia mbele ya bendera na nyundo yake ya mbao. Watano. Wa sita ni baba.

Beaga nilimfuata nyumbani kwake. Alinisikiliza huku mikono kiunoni.

"Wenzangu uliwaficha," akasema, "lakini mimi hata bia yangu hukuitaja, mshenzi wee! Na ulikunywa pipa zima ukitunga."

"Nitakuimba, dada Beaga."

"Usiniimbe bado. Kwanza niape, nione kama nipo."

Zilibaki siku tisa kabla mfalme hajasikiliza shauri. Nilimfuata baba shambani nikitafuta la kufanya, na jawabu lilikuwa mbele ya macho yangu tangu nizaliwe. Nyuma ya ng'ombe baba hana kigugumizi. Anapowaita Stuf na Brandi sauti yake hutoka ndefu na safi, hatua moja neno moja, na haijakwama hata siku moja. Mimi nilidhani nimejifunza mizani kwa nguruwe. Kumbe kabla ya nguruwe nilikuwa nimelala kwenye kikapu ukingoni mwa shamba, nikimsikiliza yeye.

Sheria inataka mwapaji ataje vitu vitatu: pete, macho yake, na mahali. Maneno ni yake mwenyewe. Basi nikakipima kiapo kwa hatua za baba:

*Kwa pete naapa kweli,*
*kwa macho yangu mawili,*
*bwana wetu, wake mwili*
*ulilala benderani.*

"Sema unavyowaita ng'ombe, baba."

"Ng'o-ng'ombe watacheka."

"Na wacheke."

Tukalima. Siku ya kwanza alijikwaa kila upande wa shamba. Siku ya nne alifika katikati. Siku ya nane alikwenda na kurudi mara sita bila kukwama, na Stuf akawa amejifunza kwamba tukifika "benderani" ni wakati wa kugeuka.

Ukumbi wa Mfalme Selred una mabenchi marefu kama mitumbwi. Maliwali kulia kwake, matheni kushoto, na sisi wa jembe tulisimama karibu na mlango, matope ya njia yakitudondoka. Bibi Tidburh aliketi peke yake kwenye kiti cha wajane. Theni Osgar aliapa kwanza, mtu mnene mwenye ndevu nyekundu, akasema alichokiona na hakuongeza hata chembe. Kisha nikaitwa mimi.

Nilikuwa nimeota siku ya kusimama mbele ya mfalme tangu nikiwa na nguruwe. Katika ndoto hizo sikuwahi kusema nilichosema.

"Bwana mkubwa, utenzi wangu ni mzuri, lakini ni wa uongo. Bwana Keolmund hakufa darajani. Alifia matopeni mbele ya bendera yako, na hakuwa peke yake. Nilibadilisha kwa sababu ya kiburi changu."

Ukumbi ulizomea. Mfalme aliinua kidole, wakanyamaza. Ni mzee mwembamba, ana macho ya mtu asiyelala sana.

"Kwa hiyo mimi nimelilia uongo?"

"Ulimlilia mtu wa kweli, bwana mkubwa. Uongo ulikuwa mahali tu."

"Na mahali ndipo ninapouliza," akasema. "Kiapo chako sikitaki. Nani mwingine?"

Hunna akatangulia, akichechemea. Akafuata Tata, kisha Kuffa, kisha Wulla. Wote waliweka mkono juu ya pete ya madhabahu iliyoshikwa na mtunza ukumbi, wakaapa kwa maneno yao. Beaga akaja na sauti yake ya kuuzia bia, na mfalme akamuuliza mwanamke alifuata nini mbele ya bendera.

"Nilifuata pipa langu, bwana mkubwa. Watu wa meli walilikalia."

Hata maliwali walicheka. Lakini aliapa bila kujikwaa, na kiapo chake kikahesabiwa. Vitano.

Baba akasonga mbele. Akaweka mkono juu ya pete, akafungua mdomo. Hakukutoka kitu. Kabla ya neno la kwanza hujajikwaa bado, lakini mfalme hangojei milele. Mpiga mkuki mmoja wa Osgar akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Ng'ombe wamekwama," na benchi zima likacheka.

Damu ilinipanda. Mkono wangu ulikwenda kiunoni, ambapo pangalikuwa na kisu kama mlangoni tusingalinyang'anywa visu. Baba akageuka akaniangalia. Hakuna ruhusa kumkumbusha mwapaji neno. Nami sikusema neno. Nilibana ulimi kwenye kaakaa nikaulegeza, *klok, klok*, kama anavyofanya yeye anapowaondosha Stuf na Brandi.

Baba akafumba macho. Akainua mguu wake wa kulia na kuusukuma mbele, kama mtu anayeikandamiza plau isiruke. Akaanza kutembea. Mtunza ukumbi, pete mkononi, hakuwa na la kufanya ila kurudi kinyumenyume mbele yake, macho yamemtoka. Na sauti ile ikatoka, ndefu, safi, hatua moja neno moja, ikajaza ukumbi wa mfalme kama inavyojaza bonde letu asubuhi ya baridi. *Kwa pete naapa kweli.* Hakuna aliyecheka. *Kwa macho yangu mawili.* Walifika kwenye meko. *Bwana wetu, wake mwili*, na aliposema "benderani" akageuka, kwa mazoea, akamrudisha mtunza ukumbi hadi mahali pake.

Vilikuwa sita.

Kisha Theni Osgar akasimama, ndevu zake zikimtetemeka. "Bwana mkubwa, nilichoapa nimekiona. Lakini kuna jambo sikulitaja, kwa kuwa sikulielewa. Kichwa cha Keolmund kilikuwa kimelala juu ya nira ya ng'ombe. Tangu siku ile nimejiuliza, nira imefikaje darajani? Theni hatembei na nira." Akamgeukia baba. "Ninyi ndio mliomweka?"

"Ku-kulikuwa na tope," baba akasema.

Osgar akainamisha kichwa chake, theni kwa mtu wa jembe, nikaona kwa macho yangu. Kisha akageuka nyuma akamzaba kofi yule mpiga mkuki wake.

Mfalme akahukumu. Silaha za Keolmund zimesamehewa, kengele ibaki, lango libaki, na Bibi Tidburh aketi mahali pa mumewe hadi mjukuu wake atakapoweza kubeba ngao. Bibi Tidburh alijifunika uso kwa ushungi. Alipoufunua aliwatazama wale sita mmoja mmoja, kama mtu anayejifunza majina.

"Na wewe, malenga," mfalme akaniambia. "Kikuku."

Nikakivua, nikakiweka mezani. Ngozi chini yake ilikuwa nyeupe. Sikulia, ila sitasema kwamba haikuniuma.

"Benchi ulilopewa kwa ulimi wako umelipoteza kwa ulimi wako. Utaketi tena ukumbini siku watu hawa sita watakapokuja kuniambia uketi. Si siku moja kabla."

"Nashukuru, bwana mkubwa."

Alidhani ninasema kwa adabu. La. Nilishukuru kweli. Angeweza kuukata ulimi, sheria ipo. Badala yake aliukabidhi kwa watu niliotaka wapotee, na hakuna mikono salama kuliko ile.

Tuliporudi nyumbani Bibi Tidburh alitangulia na farasi wake kilema. Tulipokaribia lango tukaisikia kengele. Kengele ile hulia theni anapoingia, na kwa mtu mwingine hailii. Tukasimama kando ya njia, kofia mkononi, tukimsubiri mkubwa apite.

Bibi Tidburh akachungulia kutoka juu ya lango, kamba mkononi. "Mnangoja nani?" akapiga kelele. "Mikono inaniuma! Piteni!"

Walipita wakicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilipita mwisho, na sijui kama bado ilikuwa inalia kwa ajili yao au Bibi Tidburh alinihesabu na mimi. Sikumuuliza. Alikuja akanishika shavu kwa kiganja chenye malengelenge ya kamba, akasema, "Umemrudisha alipokufa, mwanangu. Sasa naweza kwenda pale na maua."

Siku hizi niko mbele ya ng'ombe na mchokoo, fimbo ya kuwaswaga, baba nyuma ya plau, tunalima kwa ajili ya ngano ya baridi. Chakula cha mchana tunakula ukingoni, wale sita huja na bia ya Beaga, nami huwaimbia nilichokitengeneza asubuhi.

*Alifia matopeni,*
*bendera i mgongoni,*
*Dudda yuko ubavuni,*
*na Hunna, na Tata pia.*

*Kuffa, Wulla, wa majembe,*
*na Beaga mwenye pombe,*
*wote sita niwaimbe,*
*wasikie na dunia.*

Hunna anadai mguu wake haujapewa ubeti. Beaga anasema "mwenye pombe" haitoshi, niseme ni nzuri. Wulla anataka awe mrefu kuliko Kuffa. Wanabishana, wananikatiza, wananirudisha mwanzo. Ukumbini hakuna aliyewahi kunikatiza, na sikujua nilichokuwa ninakikosa. Habari ya benchi wanasema wanaifikiria. Wanaifikiria kila siku kwa furaha kubwa.

Jana baba alisikiliza beti zote, akaokota udongo, akausugua vidoleni.

"Na ni-nira?"

"Nira imefanyaje, baba?"

"Ilikuwa ya Stuf na Bra-Brandi. Wa-walibaki wamesimama mtoni bila nira, asubuhi nzima, ha-hawakukimbia." Akawatazama wale ng'ombe wake wawili. "Hukuwaimba."

Nikacheka, kisha nikaacha kucheka, kwa kuwa alikuwa anasema kweli. Nikashika mchokoo wangu, nikabana ulimi kwenye kaakaa, na tulipoanza mstari mpya wa shamba nilikuwa nimekwisha kupata kina cha kwanza.